Sauti ya Betri

Sauti mpya ya Mwalimu Kiogora ilikuwa ya Mzungu mwenye mafua, na haikudumu hata saa nzima. Ilitoka ndani ya kompyuta ya mapajani ambayo binti yake, Nkirote, aliinunua kuukuu huko Nairobi. Mzee aliandika sentensi, akabonyeza kitufe, na mashine ikamsemea kwa spika ndogo kama vifungo vya koti, ikipanda pa kushuka na kushuka pa kupanda. Kisha betri ilikata roho, naye akabaki na kitambaa cheupe shingoni, kilichofunika tundu aliloachiwa apumulie siku madaktari walipomwondolea saratani pamoja na sauti yake.

Kabla ya hapo, huyu ndiye aliyewazika watu wa Nkubu. Hakuna jeneza lililoshushwa katika vilima vile bila Mwalimu kuombwa aseme mawili matatu, na mawili matatu yake yalifuta machozi na kuyaita mengine. Watu walitania kwamba kuna wagonjwa walioharakisha kufa wasije wakazikwa na msemaji mwingine. Naye alilala kwenye meza ya upasuaji akiwa msemaji, akaamka bubu. Tangu siku hiyo mkewe, Ciakuthii, ndiye aliyemsoma midomo na kuwaambia wengine anachotaka. Sasa nimonia ilikuwa imemchukua Ciakuthii ghafla katika baridi ya Julai. Alilazwa mochari, na mazishi yalipangwa kuwa Ijumaa.

"Si Baba aandike kwa karatasi, mimi nisome mazishini?" alisema Murungi, kifungua mimba wa nyumba ile, mara tu dada yake alipoiweka kompyuta mezani. "Hiyo redio yako itatuaibisha mbele ya watu wa Embu, ndugu za Mama. Itazimika katikati, Nkirote. Wewe mwenyewe unajua."

Mzee aliivuta mashine karibu. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepanda mahindi.

"Wa kusomewa ni marehemu," ilisema mashine. "Mimi bado."

Nkirote alichukua mkoba wake akateremka mjini Nkubu, maana kijijini kwao stima ilikuwa haijafika, akajifungia nyuma ya duka la Mbogo la kupiga chapa.

Ugonjwa wa mashine aliujua. Prosesa, ule ubongo wake, haikujua kukaa bure. Hata mzee alipokuwa akiwaza, kidole kikielea juu ya herufi, ubongo ule ulikimbia kwa kasi ileile, ukila betri kwa kazi ya kutafuta kazi. Linux, programu iliyoiendesha mashine, ilikuwa na dawa: iliweza kuiamuru prosesa ipunguze mwendo kila inapokosa la kufanya, izinduke tu kidole kinapogusa herufi. Lakini dawa hiyo ilikuwa imefungwa, na kuifungua kulitaka kiini chote cha Linux kijengwe upya, kazi ambayo mashine dhaifu kama ile iliifanya kwa nusu siku ikihema.

Mara ya kwanza ilimaliza kujenga, ikawashwa, ikaganda. Kioo cheusi, kistari kimoja cheupe pembeni, basi. Nkirote alilia, na hakujua kati ya mama na mashine analilia kipi. Mbogo alimletea chai kwenye kikombe cha bati.

"Pole, Nkirote. Mama alikuwa mtu ya maana sana," alisema, akisimama mlangoni kama mtu anayeogopa kuambukizwa huzuni. "Lakini hiyo kitu, si uiwache tu? Baba ataelewa."

"Ataelewa, ndiyo. Ndiyo maana siwezi kuiwacha."

Alirudi kwenye maelezo yaliyokuja na Linux, akayasoma kama mtu anayetafuta jina la ndugu kwenye orodha ya waliofaulu, hadi akagundua kwamba kompyuta za aina ile zilikabwa na amri moja miongoni mwa zile alizoziwasha. Akaizima hiyo, akaanza ujenzi upya. Alhamisi alasiri aliweka kiganja juu ya mashine, akaikuta imepoa. Prosesa ilikuwa imejifunza kupumzika, na betri ilidumu karibu maradufu. Akafurahi, kisha akaona haya kufurahi katika wiki kama hiyo.

Lilibaki moja. Ikiachwa dakika chache bila kuguswa, mashine ililala fofofo, na ikiamshwa iliamka na kila kitu isipokuwa sauti. Iliamka bubu. Amri mbili fupi ziliweza kuirudisha sauti, naye alizijua kwa moyo. Angeweza pia kuufuta usingizi huo kabisa, lakini nao uliokoa betri; na tena, nani angekaa muda wote huo bila kugusa herufi? Alijipima kwa vidole vyake mwenyewe, ambavyo havikuwahi kutulia hivyo. Baba alipokawia katikati ya sentensi, yeye ndiye aliyekuwa na tabia ya kuimalizia.

Ijumaa iliamka na manyunyu. Maturubai mawili yalifungwa kati ya migomba na mibuni, na ukoo wa Ciakuthii, uliotoka Kianjokoma kule Embu, ukapewa viti vya mbele. Kwa ajili yao mambo yaliendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mzee na mkewe walichumbiana kwayo. Kompyuta iliwekwa juu ya meza kando ya jeneza, maikrofoni ya betri ikainamishwa karibu na spika zake, na Mwalimu Kiogora akaketi mbele yake amevaa koti lake la mazishi ya wengine.

"Nilikuwa mwalimu mgeni Kianjokoma," ilianza mashine, na watoto wakacheka lafudhi wakakanywa. "Nilipita sokoni. Msichana aliyeuza nduma akaniita. Mwalimu, kitu yako imeanguka. Nikamwambia, sema kitu chako kimeanguka. Akaniambia, basi kiokote."

Maturubai yote mawili yalicheka. Shangazi mmoja wa Embu alijipiga paja, akasema, "Huyo ndiye Ciakuthii kabisa!" kisha kicheko chake kikakatika, akafunika uso kwa leso. Ilikuwa kama zamani. Nkirote, aliyesimama nyuma ya viti, alicheka pamoja nao.

Mzee aliandika tena, machache, kuhusu watoto waliowalea na kahawa waliyoipanda. Kisha akanyamaza. Kidole kilielea juu ya herufi, na macho yake yalikuwa kwenye jeneza. Watu walingoja bila kukohoa, maana walimjua. Hata wakati wa sauti yake alizoea kunyamaza hivyo kabla ya neno zito. Manyunyu yalipiga turubai. Nkirote alitazama kidole kile, akakiomba kishuke.

Kioo kikazimika. Mzee hakukiona, maana alikuwa bado anamwangalia mkewe. Kidole kiliposhuka hatimaye mashine iliamka, kioo kikawaka, naye akaandika kwa muda mrefu. Akabonyeza kitufe. Akainua uso kuwatazama watu, kama alivyofanya siku zote, apate kuyaona maneno yakiwafikia.

Watu nao walimtazama, wakingoja.

Kwa kitambo hicho kifupi Nkirote aliona kwamba baba yake alidhani wamesikia na hawakuguswa. Uso wake ulizeeka palepale. Akabonyeza tena. Akainama, akaweka sikio kwenye spika, na hapo akaelewa.

"Baba, ngoja kidogo tu, ni amri mbili—" Nkirote alikuwa akipenya kati ya viti, akiomba radhi kwa magoti ya watu, na maikrofoni ikaidaka sauti yake ikaitawanya shambani kote.

Mzee aliinua kiganja, ishara aliyozoea kulinyamazishia darasa. Akafunga kompyuta taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza bintiye zaidi. Akainuka, akachota udongo wa kaburi akaurusha juu ya jeneza. Katekista alianzisha wimbo haraka, na Murungi akashika kipaza sauti kuwashukuru waliofika.

Jua lilipoanza kushuka wageni walikuwa wameondoka. Nyuma ya nyumba majirani waliosha sufuria. Murungi alipita mlangoni amebeba kamba za turubai.

"Usijilaumu sana," alimwambia dada yake. "Watu walielewa."

"Hawakusikia, Murungi."

Murungi aliziweka sawa kamba begani. "Ndiyo. Hawakusikia." Akaenda kumalizia kazi yake.

Nkirote aliifungua mashine juu ya meza ya sebuleni. Betri ilikuwa imebaki nusu nzima, kana kwamba inamdhihaki. Aliandika amri ya kwanza, akaandika ya pili, kwa sababu tu vidole vilizijua. Alikuwa amesahau kwamba maneno yaliyokosa sauti yalikuwa bado yamepanga foleni.

"Nimewazika wengi kwa maneno," ilisema mashine.

Alishtuka akageuka. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mazuri yote niliwapa wafu wa watu," iliendelea, kwa lafudhi yake ya mafua. "Leo nimetafuta lako, nimekosa. Ciakuthii, kitu yangu imeanguka."

Mkono wa Nkirote ulienda wenyewe kwenye herufi kusahihisha. Mwalimu Kiogora hakuwahi kukosea ngeli maishani mwake. Halafu akaelewa kwamba kosa lile lilikuwa la Mama, akaurudisha mkono mapajani.

Mzee alikuja akaketi kando yake, akaielekea mashine, kama mtu aliyeuliza swali na ana subira ya kungoja jibu. Manyunyu yalirudi juu ya mabati. Nkirote alikuwa na mengi ya kusema, pole na nisamehe na nitairekebisha. Aliyaacha yote. Walikaa hivyo hadi kioo kikafifia, kikazimika, na hakuna aliyenyoosha mkono kukiamsha.