Msumeno Mnene

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne na robo asubuhi, pale binti wa seremala alipovaa miwani ya marehemu mama yake na kusoma maandishi madogo ya ukurasa wa kumi na saba wa mkataba wa mfuko wa uwekezaji.

"Baba, hawa wanakata tatu katika kila mia. Kila mwaka."

"Wakipata faida."

"Wapate wasipate. Mfuko ukipanda wanakata, ukishuka wanakata."

Seremala aliweka randa chini. "Hata mwaka aliolazwa mama yako?"

"Hata mwaka huo."

Seremala alitwaa ubao akaupitisha msumeno mara kumi na sita, mara moja kwa kila mwaka ambao mkewe alipeleka fedha alizopata kwa kushonea watu sare katika mfuko ule wa uwekezaji. Kisha akavisogeza vile vipande pamoja, akapima. Ubao ulikuwa umepungua inchi mbili na nusu. Hapakuwa na mwizi karakanani. Msumeno tu ulikuwa mnene. Lakini unga wa mbao ulikuwepo sakafuni, anaukanyaga. Unga wa jasho la mkewe ulifagiliwa ukapelekwa wapi?

Binti alikuwa ameulizia mfuko mwingine, unaofuata soko zima bila mabwana wa kuchagua hisa. Huo haukati hata nusu katika mia.

"Mbona hawakutuambia upo?"

"Wakuambie ili iweje, baba? Uhame?"

Miaka mitatu tangu amzike mkewe, seremala alikuwa amewakasirikia madaktari, serikali, na kila mwenye kiti cha kuzunguka. Na chinichini, pasipo kumwambia mtu, alimkasirikia yeye pia. Mwanamke aliyekagua kitambaa uzi kwa uzi kabla ya kukinunua, aliingizwaje mjini na watu wa tai?

Alhamisi walikwenda ofisini. Ofisa, kijana wa rika la binti yake, aliwakaribisha kwa maji baridi.

"Mzee wangu, kuhama sasa ni kukata tamaa."

"Mmekata vyote, mkaniachia tamaa tu. Acha nami niikate."

Binti aliinamisha uso kuficha kicheko. Ofisa hakucheka. Alitaja ada ya kutoka. Seremala aliuma meno, akamwambia alete fomu.

Fomu ilihitaji jalada la mwanzo. Lilipoletwa, karatasi moja ya daftari ilichomoza katikati yake, imekunjwa mara nne, ina muhuri wa IMEPOKELEWA, wa miaka tisa iliyopita. Seremala aliujua mwandiko ule kabla hajaweza kuusoma. Binti alinyoosha mkono, lakini baba yake akamzuia. Alisoma mwenyewe, polepole, kidole kikitangulia.

"Mimi nikikosea kushona, nafumua kwa gharama yangu. Naomba kuuliza: mwaka tunaopata hasara, nanyi mnapata hasara?"

Chini hapakuwa na jibu. Hata alama ya kalamu.

Akakumbuka. Mkewe alimwambia jioni moja, mdomoni amebana pini, kwamba amewaandikia wale watu. Naye akamcheka. "Utawafundisha kazi wasomi wewe? Waache." Mkewe aliendelea kushona, wala hakulitaja tena.

Hasira ya seremala, iliyokuwa imetapakaa dunia nzima, ilijikusanya ikarudi nyumbani, ikaketi kifuani pake. Alisaini fomu, akaisukuma mbele. Ile karatasi ya daftari akaiweka juu yake.

"Na hii."

"Hiyo ni ya zamani, mzee wangu. Aliyeipokea alishahama."

"Muhuri haujahama. Jibu."

Ofisa alitazama mlango. Binti alivua miwani akaishika tu mapajani. Seremala aliweka kidole penye mstari, akaanza upya, herufi kwa herufi, safari hii kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni ya nje:

"Mwaka tunaopata hasara, nanyi mnapata hasara?"