Geti la Pampu ya Upepo

—mimi! Ni mimi niliyelifunga, Kirra, kwa mikono yangu hii! Ngoja, usikate, nikuambie haraka kabla hatujatoka mjini, maana tukishapita nyumba za mwisho simu inakufa.

Unajua niko safarini na babu Merv na karavani lake, kile kijumba cha kukokotwa na gari. Jana tukapita njia ya mkato ndani ya shamba la ng'ombe, yale mashamba ya kuendesha gari saa nzima huoni hata bati la nyumba. Na si unajua, anayekaa kando ya dereva ndiye wa mageti. Kwa hiyo asubuhi nzima kazi yangu ni kushuka, kufungua, babu anapita na karavani, nafunga, napanda. Jua linachoma, nzi wamenijaa mpaka kwenye meno. Geti la mwisho, pale kwenye pampu ya upepo ya kuvutia maji ya ng'ombe, nikalikuta wazi. Tena si wazi hivihivi, limefungiwa kwenye nguzo kwa waya ili lisirudi. Nikasema moyoni, mvivu gani huyu. Nikahangaika na ule waya mpaka kucha ikakatika, nikalifunga vizuri kabisa. Babu hakuona, alikuwa mbele anakagua tairi. Nikapanda garini najiona mtu wa maana.

Kanuni naijua, Kirra. Tumekua nayo mimi na wewe: geti unaliacha kama ulivyolikuta. Nimemaliza chuo, nimesomea mazingira, halafu nashindwa na geti.

Basi leo mchana tumeegesha hapa mjini. Mji wenyewe ni baa, kituo cha mafuta na mbwa mmoja amelala katikati ya barabara. Tukaingia baa, tukaagiza pai za nyama. Kwenye kaunta amekaa mzee mmoja mrefu, kofia yake imeliwa na jasho, kumbe ndiye Treloar, mwenye lile shamba. Babu akajitambulisha, akamshukuru kwa njia.

"Mageti mliyafunga?" Treloar akauliza.

"Na huyu mjukuu wangu?" babu akasema. "Huyu haachi geti wazi. Hata mlango wa karavani anaufunga mimi nikiwa nje."

Wakacheka. Noelene, mama mwenye baa, akanitazama juu mpaka chini. "Basi huyo aolewe hukuhuku. Wenzake wa mjini wanatuachia ng'ombe barabarani."

"Mpe soda," Treloar akamwambia. "Yangu hiyo."

Nikaletewa soda ya limau, barafu mpaka juu. Nikawa nakunywa huku natabasamu kama mjinga. Wao wakarudi kwenye maongezi yao.

"Ile pampu imekufa kabisa," Treloar akasema. "Kipuri kinakuja na lori Ijumaa. Nimewaachia mitamba geti wazi wavuke wakanywe upande wa pili. Bila hivyo, kwa joto hili, ningewapoteza."

"Si wana mimba wale?" Noelene akauliza.

"Wote."

Nikaisogeza ile soda pembeni.

Nikakata pai, nikaizungusha kwenye sahani. Nikaanza kujidanganya, labda waya wangu ulikuwa mlegevu, labda ng'ombe wamesukuma geti, labda kuna mtu amepita nyuma yetu. Babu ananipigapiga begani kwa fahari, na kila akinipiga mimi nazidi kuwa mdogo. Nikasema, basi, mwenyewe atalikuta akirudi jioni.

"Leo unalala mjini?" Noelene akamuuliza.

"Nalala. Kule sirudi mpaka nipate kipuri."

Ndipo ikabidi niseme.

"Mzee Treloar," nikasema. "Lile geti la pampu nimelifunga."

"Lipi?"

"Lililofungiwa kwenye nguzo. Waya niliufungua mimi."

Noelene akaacha kufuta glasi. Babu akanigeukia polepole. "Umelikuta wazi, Pip, ukalifunga?"

"Ndiyo, babu."

"Kwa nini sasa?"

Niliona ndiyo ustaarabu, Kirra.

Natamani Treloar angenitukana, nakuapia. Akashusha glasi, bia bado nusu, akavaa kofia. "Lini?"

"Jana asubuhi."

"Na jana ilikuwa mbaya kuliko leo," akasema, lakini si kwangu, kwa Noelene. "Naomba mpira wako wa maji. Nijaze tenki la pikapu."

Nikamfuata mpaka nje. "Nije nisaidie?"

"Hilo nalo unauliza? Mageti yote yale njiani atanifungulia nani?"

Sasa nimekaa kwenye pikapu yake, nasikia maji yanaingia kwenye tenki huko nyuma. Babu amebaki mlangoni mwa baa, amekunja mikono, hanitazami. Ile pai sijaila. Na soda yangu Treloar amelipa, Kirra, amelipa baada ya mimi kumwambia. Nafikiria wale mitamba wamesimama kwenye lile geti tangu jana, wanasikia harufu ya maji upande wa pili, wanangoja.

Anakuja. Anafunga mpira. Niache niende. Kesho nikirudi penye mtandao nakupigia, nikuambie ni wangapi tumewakuta bado wamesimama.