Kikohozi Kilichofungwa Mfukoni

Haya nilielezwa na wifi yangu, wiki aliyokuja kunishonea mapazia. Yeye na Mama Pasi walikuwa wakifua na kunyoosha nguo za wanaanga, kwenye nyumba ile wanamofungiwa wiki mbili kabla ya kuruka ili wasibebe maradhi ya watu.

Kila asubuhi mlinzi wa mlangoni aliwauliza wafanyakazi kama kuna anayekohoa. Aliyejibu ndiyo alirudishwa kwake, na akipona alikuta mwingine ameshika pasi yake. Kwa hiyo hapakuwa na aliyekohoa. Kikohozi kikimbana Mama Pasi, alifungua mfuko wa nguo iliyo mezani, akakohoa humo taratibu, akaubana kwa pini, akaendelea na kola.

Mwezi wa saba wa safari, mwanaanga mdogo kuliko wenzake alikuwa akitafuta kalamu. Akafungua mfuko.

Kikohozi kilitoka kizima, na kwa kuwa huko juu kila kitu huelea, nacho kikaelea mpaka kikamwingia kifuani. Daktari aliyebaki chini alieleza kwamba katika safari ndefu kinga ya mwili hulegea; kidudu ambacho hapa hakimlazi mtoto, kule kinamwangusha mtu mzima. Dawa zote walizobeba zilijaribiwa. Siku ya tisa kijana aliacha kula.

Redio yao ilisikika hadi chumba cha pasi. Kijana alipokohoa, kilichotoka kilikuwa kikohozi cha mwanamke wa miaka hamsini na nne: mara mbili kikavu, kisha mluzi mdogo.

"Dada," wifi yangu alinong'ona, "si chako hicho?"

"Changu. Mimi nilijua nimepona, kumbe kimesafiri."

"Basi nyamaza. Kimya kina mshahara."

"Na mtoto wa mwenzangu je?"

Wifi yangu alikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Mama Pasi alizima pasi, akapanda ngazi mpaka chumba cha redio. Alimsalimu daktari, akaomba kipaza sauti.

"Unataka kusema na nani, mama?"

"Kuna wangu huko juu."

Daktari akampisha.

"We," alisema, kama anayeita mtoto aliyechelewa kwa jirani. "Mgeni ni siku mbili. Wewe leo ya tisa, na mwenyeji hali. Rudi nyumbani."

Kikohozi kilifika mlangoni siku ya tatu, saa kumi jioni, kimechoka, kimejaa vumbi. Mlinzi, kwa mazoea, alikiuliza kama kinakohoa. Kikasema hapana. Akakipitisha.

Huko juu kijana aliomba chakula, akaomba tena. Msimamizi alimwita Mama Pasi, akamshukuru sana, akamkumbusha kwamba sheria ni sheria, akachukua kitambulisho chake.

Kesho yake pasi ilishikwa na binti mwenye mafua, aliyemwambia mlinzi kwamba yu mzima. Wifi yangu alimwonyesha pini zinapokaa.

Jioni hiyo Mama Pasi alikaa kitandani kwake, madirisha wazi, akakohoa kwa kifua chote bila kumficha mtu. Kikohozi kilikuwa kimetoka mbali, kikatangulia kulala. Alikisikiliza kidogo, akajifunika, naye akalala.