Nusu ya Punje

Pale Bukoba, mtaa wa Miembeni walisema yao na wa Nshambya yao, lakini jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwalimu Ishengoma wa Nshambya na Mustapha, fundi cherehani wa Miembeni, walikuwa wamekula omukago. Ujanani walichanjana, wakaipaka damu punje moja ya kahawa, wakaigawa, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Padri alinuna, shehe akaguna. Wao wakawa ndugu. Tangu hapo kila wakikutana waligawana punje moja. Nyumbani kwa Mustapha, Ishengoma hakujua hodi: alipitia jikoni, akafunua sufuria, na Mama Sada, mamake Mustapha, akamtukana kwa mapenzi.

Siku moja timu ya Bukoba, Mustapha akiwemo, ilikwenda Muleba kucheza mpira wa kikapu kwenye uwanja wa misheni. Filimbi alipewa Ishengoma, maana ndiye aliyekisoma kitabu cha sheria cha mapadri. Wenyeji hawakupendezwa.

"Refa! Ile punje bado iko tumboni?" akapaza sauti Klaudia, muuza ndizi, na uwanja ukaangua kicheko.

Mwisho ulipokaribia, Muleba walikuwa mbele kwa pointi moja. Mustapha akaruka, akatupa. Mpira ungali hewani, padri akagonga kengele ya mwisho. Karugendo wa Muleba naye akaruka, akaugusa kwa ncha ya kidole. Ukayumba, ukatumbukia kikapuni.

Kelele hizo!

Kitabu kilisema mpira uliotoka mkononi kabla ya kengele, ukiingia, ni halali. Ukiguswa njiani baada ya kengele je? Ni mtupo uleule, au umekwisha kufa? Kitabu kilikaa kimya. Moyoni Ishengoma aliuona ni halali.

"Haya, refa wetu wa damu, mhesabie nduguyo!" Klaudia akadakia.

Ishengoma akapunga mikono. Si goli.

Ndani ya lori la kurudi Bukoba watu walibishana mpaka mate yakawakauka. Mustapha alikaa nyuma kabisa, anatazama vumbi.

Kesho yake alasiri Ishengoma akaenda Miembeni, akapitia jikoni kama kawaida. Mama Sada akaweka mwiko chini. Hakumtukana, akasema kwa heshima:

"Mwalimu, pita mbele, waitu. Viti viko sebuleni."

Akamfutia kiti kwa upindo wa kanga. Mustapha akasimamisha cherehani.

"Kitabu kilisemaje?"

"Hakikusema kitu."

"Wewe uliona nini?"

"Niliona goli."

"Ungeniambia kitabu kimekataa, ningekunywa chai yangu nikalala. Hata ungesema macho yako yamekataa. Sasa kitabu kimenyamaza, macho yamekubali. Ulimsikiliza nani?"

"Watu, Mustapha. Wangesema nimekupendelea."

"Kwa hiyo ungekuwa hunijui, ningepata haki yangu."

Mama Sada akaingia na kisahani cha kahawa ya kutafuna, akakiweka mezani, akatoka bila kuwatazama. Ishengoma akangoja. Siku zote mkono wa Mustapha ndio uliochagua punje, meno yake ndiyo yaliyoipasua.

Mustapha akakisukuma kisahani mbele, kwa adabu zote.

"Karibu, Mwalimu. Chukua, ziko nyingi."

Cherehani ikaanza tena kulia. Ishengoma akachukua punje nzima, akaitafuna peke yake.