Gari la Ihsan Halikwenda Uingereza

Mwanarusi alivuka feri asubuhi na mapema, amevaa baibui lake jipya, akenda Kisauni kuliona gari lake likishindanishwa kwa uzuri na magari mengine ya zamani. Kwa karatasi halikuwa lake. Lilikuwa la Ihsan, mwenye maduka ya vitambaa mjini, aliyelirithi kwa babake likiwa limelala kwenye banda la kuku huko Mwakirunge, viti vimeliwa na panya, sakafu imeoza hata ukitia mguu ndani unakanyaga mchanga. Lilikuwa gari la mbio la Kiingereza, la viti viwili, lisilo paa. Lakini miaka miwili na miezi minne lilikaa kwenye gereji ya Mwanarusi pale Shika Adabu, na hapakuwa na nati yake asiyoijua.

Nati zenyewe ndizo zilizomtoa machozi kwanza. Spana zake zote zilikuwa za milimita, na gari hili lilitaka za inchi. Ukitia kumi na tatu inacheza, ukitia kumi na mbili haingii. Bushi za gurudumu, vile vipete vya chuma, hakuzipata Mombasa nzima, akazikereza mwenyewe, akaziharibu mara tatu. Kisha zile kabureta mbili: hii ikivuta hewa, ile inazembea. Ilibidi atie mpira mwembamba sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, asikilize upepo, akaze kidogo, alegeze kidogo. Siku kabureta zilipolingana, injini ikanguruma kwa sauti moja nzito, naye akacheka peke yake mpaka jirani yake Kazungu akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Basi pale uwanjani alilikuta gari linang'aa, watu wamelizunguka, na Ihsan amesimama mbele ya waamuzi.

"Nililipeleka Uingereza," alikuwa akisema. "Kule kuna mafundi wa magari haya. Hapa kwetu, wallahi, nani angeligusa?"

Mwanarusi alihisi masikio yanamwaka moto. Alidhani amesikia vibaya. Mwamuzi mkuu, mzee mwenye miwani aitwaye Munga, akamwambia Ihsan aliwashe wausikie mlio. Ihsan akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Akazungusha tena, likakohoa tena. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo alipomwona Mwanarusi, uso ukamfunguka.

"Mpisheni huyo mama apite," akasema. "Huyu huniangalizia gari, hunifutia vumbi."

"Nakufutia vumbi?" Mwanarusi akauliza. "Mimi, Ihsan?"

"Bi Mwanarusi, tutazungumza baadaye."

"Tutazungumza sasa." Akamgeukia mwamuzi. "Shikamoo, mzee. Hebu inama uangalie chini ya gari, penye kiti cha dereva. Lile bati la sakafu nimelikata kwenye mlango wa friji mbovu, nikalichomelea mwenyewe. Kwa chini sikulipaka, bado ni jeupe. Kisha muulize huko Uingereza wanatengeneza magari kwa friji?"

Munga akapiga magoti kwenye nyasi, akachungulia. Alipoinuka alikuwa akipangusa miwani. "Ni jeupe," akasema. Watu wakaangua kicheko. Ihsan hakucheka.

Mwanarusi akafungua boneti. Injini ilikuwa imeoshwa kwa maji ya presha ipate kung'ara, maji yameingia kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto wa plagi. Akakitoa kifuniko, akakikausha kwa ncha ya mtandio wake, akakirudisha.

"Sikufanyii wewe," alimwambia Ihsan. "Siwezi kusimama hapa nikilisikia likiteseka."

Likawaka mara moja.

Gari likashinda. Kombe akapewa Ihsan, kwani fomu ilikuwa na nafasi ya mwenye gari tu, ya fundi haikuwamo. Munga aliandika jina la Mwanarusi pembeni kwa kalamu yake, lakini kwenye kipaza sauti lilitajwa la Ihsan peke yake. Mwanarusi hakungoja picha.

Ijumaa baada ya swala, Ihsan akaja Shika Adabu na boksi la halua. "Nimekosa, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini ungeninong'oneza pembeni. Umenivunjia heshima mbele za watu."

"Heshima yangu uliivunja wapi? Chooni?" Mwanarusi akasema. "Waite watu wale wale, kwenye uwanja ule ule, useme ni mimi. Kama huwezi, gari lako lisiingie tena uani kwangu."

"Mambo yamekwisha pita, Bi Mwanarusi."

"Kwako wewe yamepita."

Ihsan akaiacha halua juu ya pipa la oili, akaondoka. Mwanarusi akambebesha Kazungu lile boksi zima apeleke kwa wanawe ng'ambo ya ukuta, kisha akaingia chini ya pikapu iliyokuwa ikingoja klachi. Huko chini, ambako hakuna aliyemwona, akalia kwa hasira, mikono yake ikiendelea kufungua nati.