Wake Wenza Ndani ya Kompyuta

Bibi Rukaiya wa Nachingwea alipouza korosho akanunua kompyuta, watu walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuja kutazama picha. Umeme wa kukatikakatika ukaiua diski yake ya kwanza, na picha zote za marehemu mumewe zikaenda nayo. Ndipo Doris, karani kutoka Moshi aliyepanga chumba cha uani, akamfungia diski mbili katika kasha moja. Akamweleza kwamba kila kinachoandikwa kwenye hii, papo hapo kinaandikwa na kwenye ile. Moja ikifa, ya pili inaendelea na kazi.

"Nimeelewa," Bibi akasema. "Wake wenza. Akipewa kanga huyu, na yule apewe. Mmoja akifa, nyumba haifungwi."

Humo ndimo ilimokaa video ya ngoma ya kumtoa mwali: Bibi kavaa suruali, kajifunga mto tumboni, anaigiza mwanaume mlafi anayedai ugali; na shoga yake Goreti anapiga ngoma huku akicheka mpaka kilemba kinamdondoka. Goreti alifariki masika yaliyofuata. Hakubaki akicheka mahali pengine popote.

Mwaka 2005 Abdalah, mwanawe Bibi, aligombea udiwani huko Ruangwa. Akaja na bisibisi mfukoni. Akaeleza kwa upole kwamba wapinzani wakiipata video ile atachekwa kila kijiwe, na kwamba mtu mwenye wajukuu hana sababu ya kuvaa suruali. Bibi akaitikia, "Kweli, baba," kwa unyenyekevu ambao ungemshtua yeyote anayemjua. Abdalah, aliyelelewa naye, hakushtuka.

Bibi mwenyewe ndiye aliyemmulikia tochi. Aliimulika diski ya juu. Ya chini akaiachia giza lake. Abdalah akaichomoa ile iliyomulikwa, akaifunga kwenye leso, akarudisha mfuniko. Mama yake akamsihi asiondoke na njaa.

Ugali ulipotengwa, Bibi akaingia chumbani akawasha. Kompyuta ikalia tiii, ikalalamika kwenye kioo kwamba diski moja haionekani. Akabonyeza kitufe alichofundishwa na Doris, ikanyamaza. Ngoma ikaanza. Kicheko cha Goreti kikafika mpaka uani.

Tonge likakwama mkononi mwa Abdalah. "Mama, si nimeitoa?"

"Umemtoa mke mdogo. Mkubwa kamlilia kidogo, sasa kaendelea na kazi."

Abdalah akaja chumbani na bisibisi yake. Alimkuta mama yake amekaa juu ya kasha la kompyuta, kanga kaikaza kifuani.

"Nitakosa kura, Mama."

"Zikose. Diwani mwingine watampata. Goreti mwingine mimi nimtoe wapi? Ukiitaka hii, anza kumfungua mama yako kwa hiyo bisibisi."

Abdalah akageukia kioo. Yule mwanaume wa mto tumboni alikuwa anatembea kwa kurusha miguu nje, mkono mmoja kiunoni, akiuliza chakula kiko wapi. Mwendo ule akaufahamu.

"Huyo ni mimi?"

"Ulidhani nani?"

Bibi hakuinuka. Alinyoosha tu mkono, akakunjua kiganja, akangoja. Abdalah, ambaye ugali wake ulikuwa unapoa, akafungua leso.