Betri Zilizoanikwa

"Mama, ukiichoma hiyo kaseti..."

"Itachomwa. Huyo si Albano."

"...utakuwa umemzika mara ya pili, na mie sina hata..."

"Huyo si mwanangu, nasema. Mie niliyemnyonyesha ndo nisimjue?"

Filomena alikuwa kaikumbatia redio kaseti juu ya tumbo lake la mimba. Mkwewe, Eufrazia, alikuwa na kiberiti mkononi. Uani kwao Temeke waombolezaji walikuwa wameshakunja mikeka, wamebaki wao wawili na vikombe vya chai.

Kaseti ile Albano alimrekodia mama yake aliyeko kijiji cha ujamaa huko Newala. Badala ya kuandika barua unaongea, kisha unatafuta msafiri wa kuibeba. Kabla msafiri hajapatikana, homa ikamchukua Albano. Mama akaja mazikoni, na leo ndo kaomba asikilize.

Betri zilikuwa zimeadimika madukani, hata duka la ushirika rafu zilikuwa tupu. Filomena akafanya kama mtaa mzima ulivyofanyaga: akazianika zile kuukuu juu ya bati mpaka zikawa za moto kama mihogo ya kuchoma. Salamu ya kwanza ikatoka sawasawa. Halafu sauti ikaanza kushuka, ikashuka tena, nzito, ya kujikokota, kama mtu anayesema ana udongo mdomoni. Bi Eufrazia akasimama, chai ikamwagika.

Filomena hakuwa na kingine cha kumwonyesha mtoto wake. Kikiungua hiki, mtoto atakuwa kama Gaspar, mdogo wake Albano, ambaye baba yao aliondoka kwenda kukata mkonge Tanga yeye akiwa tumboni, asirudi, asiache hata picha.

Na Gaspar mwenyewe ndo huyo akaingia na baiskeli. Chuo cha ufundi walimtimua kwa kuunganisha kengele ya chakula na kitasa cha mlango wa mkuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna mtu kaingia kwenye sauti ya kaka yako."

Filomena akamweleza. Gaspar akaitoa kaseti, akabonyeza. Mota ikavuma kwa raha.

"Sikia, bila mzigo inakimbia." Akairudisha kaseti. Mota ikaguna. "Betri ya kuanikwa ni mtu aliyetoka homa, mama. Akikaa kitako unasema kapona. Mtwishe gunia sasa. Mota ikivuta kanda inataka mkondo mwingi, betri hazina, volti inaporomoka. Na mota mwendo wake ni wa volti. Ikishuka, nayo inakokota."

"Usinichezee, Gaspar."

"Leo sikuchezei."

Lakini kidogo alicheza. Akachomoa betri nzima za taa ya baiskeli na za tochi yake, akazipanga kwenye bomba la gazeti, akaziunga kwa nyaya, akazidisha mbili kwa makusudi. Albano akapiga kelele kama kifaranga, maneno yakikimbizana. Filomena akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akajifunika mdomo kwa khanga.

Gaspar akaziondoa zile mbili.

"Mama, shikamoo. Filomena anakusalimu. Mihogo usiuze yote, Krismasi tunakuja."

Alikuwa yeye. Mpaka kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema jambo la maana. Bi Eufrazia akasikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Huyu ndiye Albano," akasema, akaweka kiberiti chini.

Filomena akashusha pumzi. Akanyoosha mkono kuizima redio, mkwewe akaushika. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kwenye jua lile.

"Irudishe mwanzo."

"Usikie tena, mama?"

Bi Eufrazia alikuwa anaangalia yale matundu ya spika kama mtu anayechungulia mlangoni.

"Gaspar, toa betri moja, mwanangu. Yule wa kwanza, wa sauti nzito, ni baba yenu, na sijamaliza kumsikiliza."